Mwenye Pingamizi na Aje

Mama Pacha hakuwa na ubaya wowote, hilo tuliweke wazi mapema. Kosa lake lilikuwa kupenda ndugu za mumewe, jambo ambalo wake wengi husamehewa wakilikosa. Jumatano saa tano asubuhi aliingia kwenye karakana ya makochi akiwa amebana kicheko mdomoni, akasimama kati ya fremu za mbao na marobota ya sponji.

"Baba Pacha, kaa chini nikuambie."

"Si nimekaa?"

Alikuwa amekaa kweli, juu ya kochi lisilo na kitambaa, na misumari midogo saba ameibana kwa midomo kama kawaida ya mafundi wa kazi ile.

"Jumapili tuna mgeni. Nimempigia dada yako. Anakuja kukuona ukiwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa."

Nusura ameze msumari. Akaitema yote kiganjani, akaihesabu kwanza, ndipo akauliza, "Dada gani?"

"Kwani unao wangapi? Nilichukua namba kwenye simu yako. Maskini, alilia kwenye simu! Anasema miaka yote hii hajawahi kuniona hata kwa picha ya maana. Wewe mwanaume wewe, ndugu yako wa damu mmoja, unamweka mbali hivyo kwa nini?"

Fundi Besi, ndivyo kanisa zima lilivyomwita mumewe, akasema nauli. Akasema kazi. Mkewe akamwambia nauli keshatuma, na kazi haikimbii. Akaondoka zake anaimba. Na unajua alichokuwa anaimba? "Kiti cha Mwisho." Ule ule wimbo uliokuwa unamtoa mumewe kijasho chembamba asubuhi ile.

Sasa nikueleze, usije ukadhani fundi alimchukia dada yake. Alimpenda. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, na dada ndiye aliyemlea kwa kufua nguo za watu. Alimlisha, akamsomesha, akamtafutia fundi wa kumfundisha ushonaji wa makochi. Jioni wakifua pamoja uani, dada alikuwa akitunga nyimbo, anapiga beseni kuhesabu mapigo, na sauti ya mdogo wake ilipovunjika akampa besi aimbe. Wimbo mmoja ulimjia dada ukiwa mzima, sauti zote nne. Akaupeleka kwa wazee wa kanisa lao. Wakamjibu kwamba mle kanisani huimbwa za kitabuni, na za mfua nguo aziimbie nguo. Dada akaukunja na hakuutaja tena.

Miaka kumi na miwili nyuma fundi alihamia mji huu na begi moja na barua yake ya uhamisho wa ushirika. Kwaya ikampokea kwa mikono miwili, maana sauti ya nne walikuwa na mzee mmoja tu, naye alikuwa akisinzia. Ibada ya Meza ya Bwana ilikuwa imekaribia na hawakuwa na wimbo mpya. Fundi akasema anao mmoja. Akawaimbia, sauti moja baada ya nyingine, kadiri alivyokumbuka. Mwalimu wa kwaya, waliyemwita Mwalimu Kijiti kwa sababu ya ile fimbo yake ya kuongozea, akaandika do-re-mi zote kwenye karatasi kubwa ukutani, kisha akauliza, "Mtunzi nani?"

Fundi alikuwa anakunywa maji. Akachelewa kumeza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akadakia, "Si yeye mwenyewe! Mtazameni anavyoona haya." Wakacheka, na Mwalimu Kijiti akaandika: Fundi Besi. Ndiyo ilikuwa yote. Hakusema uongo hata neno moja, alimeza maji tu.

Laiti wimbo ungekuwa mbovu! Ungekufa na uongo ukafa nao. Lakini ulikuwa mzuri, jamani, ulikuwa mzuri mpaka unauma.

*Nipe kiti cha mwisho, Bwana,*
*kile kilicho mlangoni;*
*mikono yangu ina povu,*
*lakini nimekuja.*

Watu walizikwa nao. Mjane mmoja aliomba uimbwe mara tatu kaburini. Mchungaji aliwahi kuhubiri nusu saa nzima juu ya lile povu, akafafanua kwamba ni ubatili wa dunia, watu wakaitikia amina. Lilikuwa povu la sabuni. Fundi alikaa pale kwenye safu ya besi, akajua ni povu la sabuni, na akaitikia amina pamoja na wenzake.

Ndiyo sababu dada hakualikwa. Harusi, fundi alimwambia ni ndogo haina wageni. Ubatizo wa pacha, akamwambia nauli zimepanda. Mara moja kwa mwaka alikwenda yeye mwenyewe, peke yake, na kilo tano za sukari, analala usiku mmoja anarudi. Na kura za wazee wapya zilipopigwa, kati ya wateule sita hakuna aliyemkaribia. Watu walimchagua mtunzi wa "Kiti cha Mwisho."

Ijumaa kwenye mazoezi alimvuta Mwalimu Kijiti pembeni, nyuma ya kinanda.

"Mwalimu, Jumapili tuimbe wimbo mwingine."

"Mwingine upi?"

"Wowote. Wa kitabuni."

"Fundi, ratiba imeshachapwa nakala mia mbili, jina lako liko pale. Halafu nikuambie kitu, unyenyekevu ukizidi nao unakuwa maringo." Akakuna kichwa kwa ncha ya fimbo. "Ila mimi ubeti wa tatu bado unaniwasha. Pale sauti zote nne zinashikilia noti ndefu, hakuna anayetembea. Ni kama ukuta uliorukwa tofali. Hebu kumbuka, ulipotunga ulikusudia nini pale?"

"Ndivyo ulivyonijia."

Jibu lile lile la miaka kumi na miwili. Ukweli ni kwamba sauti ya pili ilikuwa na la kuimba pale, dada alikuwa akiiimba mwenyewe, lakini fundi alikuwa akitumia nafasi ile kuvuta pumzi na hakuwahi kuisikiliza vizuri. Kwa hiyo alipofundisha aliwaambia sauti ya pili washikilie kama wengine. Mwalimu Kijiti alilishuku lile shimo tangu siku ya kwanza.

Baada ya mazoezi mchungaji akawakalisha wateule sita na kuwaeleza utaratibu. Kabla ya kuwekewa mikono, baraza la wazee huketi mbele ya kanisa, na tarishi wa kanisa hutumwa mlangoni kupaza sauti mara tatu: mwenye pingamizi juu ya imani au mwenendo wa hawa na aje, athibitishe papo hapo. Wateule walichekeana. Kila mtu alijua kwamba katika historia yote ya kanisa lile aliyewahi kuitikia ni mmoja tu, muuza mifagio aliyekuwa akipita njiani akadhani kaitwa mteja. Alinunuliwa mifagio miwili na ibada ikaendelea.

Fundi hakucheka. Usiku kucha maneno yale yalimzunguka kichwani.

Dada alifika Jumamosi mchana. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili wake, begi moja na mfuko wa nguo za pacha alizozifuma kwa kukisia ukubwa. Zilikuwa ndogo zote.

"Shikamoo dada," fundi akasema.

"Marahaba. Umenenepa. Nani anakulisha hivi, nimbusu?"

Mama Pacha akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia dakika ile wifi na wifi wakawa chanda na pete. Pacha wenyewe, wenye miaka kumi, walimganda shangazi yao kama kupe. Fundi akitafuta upenyo hapati. Akienda jikoni, wako watatu. Akienda uani, wako wanne. Alikuwa amekata shauri kwamba atamwambia leo leo, kabla jua halijazama, liwalo na liwe.

Kwenye chakula Mama Pacha akaanza. "Wifi, kesho nimekuwekea kitu. Mdogo wako ametunga wimbo, kanisa zima linalia. Sikuambii jina wala maneno. Usikie kwa masikio yako."

Dada akaweka kijiko chini. "Huyu? Wimbo? Wifi yangu, huyu nimemlea mimi. Huyu hawezi kutunga hata uongo."

Meza nzima ikaangua kicheko. Fundi naye alicheka, maana angefanyaje?

Na nafasi aliipata, tusimtetee. Saa kumi jioni Mama Pacha aliwachukua watoto kwenda kunyoosha sare za kwaya kanisani, akawaacha ndugu wawili uani, dada ameketi kwenye kigoda, yeye amesimama na mikono mfukoni. Dakika ishirini nzima. Unajua alimwambia nini? Alimweleza bei ya sponji. Alimweleza tofauti ya sponji nzito na nyepesi, jinsi wateja wanavyodanganywa, na kwa nini kitambaa cha bluu hufifia mapema. Dada akasikiliza yote, akasema, "Hongera mdogo wangu, kazi unaijua." Mkewe aliporudi fundi alijichukia kiasi kwamba hakuweza kumtazama mtu machoni.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mabenchi ya ukumbini yakaletwa. Wateule sita walikaa benchi la mbele kabisa, suti nyeusi, kwa hiyo fundi siku hiyo hakuwa pamoja na kwaya. Dada na Mama Pacha walikuwa safu ya nne nyuma yake. Hakuweza kuwaona bila kugeuza shingo, na shingo yake ilikuwa imekataa.

Mahubiri yalipita, hakusikia neno. Kisha Mwalimu Kijiti akasimama, akainua fimbo, na kwaya ikaanza.

*Nipe kiti cha mwisho, Bwana...*

Ubeti wa kwanza, fundi akakodolea macho vigae vya sakafu. Alikuwa anasubiri. Anasubiri benchi lilie, mtu ainuke, sauti iseme "Mwizi!" Hapakuwa na kitu. Ubeti wa pili watu wakaanza kutoa vitambaa vya kufutia machozi, kama desturi. Moyo wake ukatulia kidogo, akajidanganya kwamba labda dada amesahau. Miaka mingi, mawazo mengi, nguo za watu wangapi zimepita mikononi mwake, mtu husahau.

Ubeti wa tatu ukafika pale penye noti ndefu. Sauti zote nne zikashikilia. Na kutoka safu ya nne ikainuka sauti ya mwanamke, ya chini, yenye mkwaruzo, ikaanza kutembea. Ikapanda ngazi mbili, ikashuka moja, ikageuka pale ambapo hakuna aliyeitarajia, ikarudi na kukaa mahali pake noti ilipokwisha. Kanisa zima likashusha pumzi. Hata asiyejua do wala re alisikia kwamba kitu kilichokuwa kimekosekana sasa kimepatikana.

Mwalimu Kijiti aligeuka nyuma mzima mzima, fimbo hewani, kwaya ikajiongoza yenyewe mpaka mwisho. Alimtazama yule mwanamke. Kisha akateremsha macho taratibu mpaka benchi la mbele, akamtazama fundi. Mwalimu wa muziki unaweza kumdanganya kwa mambo mengi, lakini si hilo.

Fundi akageuka, hatimaye. Dada alikuwa amevaa miwani na ameisogeza ratiba karibu na uso. Mama Pacha, masikini wa Mungu, alikuwa amemwekea kidole kwenye mstari wenyewe, anatabasamu kwa fahari: *Mtunzi: Fundi Besi*. Dada akausoma. Akausoma tena, maana midomo yake ilicheza mara mbili. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye begi, akafunga zipu, akatazama mbele. Si kwa mdogo wake. Mbele tu, madhabahuni, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri zamu hospitalini.

Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Baraza la wazee limeketi," mchungaji akatangaza. "Tarishi, nenda mlangoni."

Tarishi alikuwa mzee wa miguu mizito. Akatembea katikati ya kanisa, tap, tap, akafungua milango yote miwili, akaelekeza uso nje barabarani.

"Mwenye pingamizi juu ya imani au mwenendo wa hawa, na aje!"

Watu wakatabasamu. Pikipiki ikapita. Fundi akamsubiri dada ainuke. Aliomba, haki ya Mungu aliomba kabisa, ainuke yeye aliseme. Dada hakujitikisa.

"Mwenye pingamizi, na aje! Mara ya pili!"

Akaelewa basi kwamba hatainuka. Dada hatasema leo wala kesho. Atapanda basi lake kesho asubuhi na begi lake na ile karatasi ndani, na "Kiti cha Mwisho" utabaki kuwa wa Fundi Besi mpaka kiama. Mwalimu Kijiti atakaa na shaka yake. Mkewe atalala na furaha yake. Ilimpasa kunyamaza tu kwa muda wa mwito mmoja, kama alivyomeza yale maji.

"Mwenye pingamizi, na aje! Mara ya tatu na ya mwisho!"

"Ninalo mimi."

Tarishi alitazama barabarani kwanza, kumtafuta aliyesema. Kisha vichwa vyote vikageukia mbele. Fundi Besi alikuwa amesimama.

Mchungaji akakunja uso. "Pingamizi juu ya nani?"

"Juu yangu."

Wachache wakacheka. Mchungaji akainama, akanong'ona kwa upole, "Fundi, keti. Hofu ya siku kama hii ni ya kawaida."

"Si hofu, mchungaji. Wimbo si wangu. Sikuutunga. Aliutunga dada yangu, yule pale, uani, akifua nguo za watu ili mimi nile. Povu lile mlilohubiriwa ni la sabuni. Nimewadanganya miaka kumi na miwili na ninyi mkanipigia kura kwa sababu hiyo."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Pacha akashika mdomo kwa mikono yote miwili, na fundi alipomwona akatamani sakafu immeze. Mchungaji akawageukia wazee wa baraza, wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua ukurasa wa kufungua. Kitabu cha utaratibu hakikumfikiria mtu wa namna hii.

"Pingamizi lazima lithibitishwe," mchungaji akasema mwishowe. "Mama, tafadhali simama. Ni kweli asemayo?"

Dada akasimama. Alichukua muda wake, akaweka begi chini, akanyoosha gauni.

"Mchungaji, wimbo nilimpa mwenyewe. Kwangu haukuwa na kazi. Mwacheni, mwekeeni mikono, watu wamesafiri."

Na fundi akamjua. Ndivyo alivyosema pia kwa mwenye duka, utotoni, siku ile mdogo wake alipokamatwa na andazi la wizi: nilimtuma mimi. Alikuwa anasema uongo mbele ya madhabahu, mwanamke yule mcha Mungu, kwa ajili yake.

"Hukunipa, dada," akasema, na sauti yake nene ikakatika katikati. "Usinibebe tena. Hukunipa. Nilichukua."

Mchungaji akauliza taratibu, "Mama, yeye anasema alichukua. Unataka baraza lifanye nini? Unadai nini?"

Dada akavua miwani. Hakumjibu mchungaji, alimwangalia mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu wimbo uanze.

"Wimbo?" akasema. "Wimbo chukua. Ninazo nyingine thelathini kichwani, nikifua kesho nitapata wa thelathini na moja. Mimi nilidhani unanionea haya. Harusi hukuniita, nikajiambia, ana wakwe wasomi, mimi nanuka dawa ya madoa. Watoto wakabatizwa, nikajiambia hivyo hivyo. Kila mwaka ukija na sukari yako unalala usiku mmoja, nakusindikiza stendi, narudi najinusa nguo. Kumi na miwili, mdogo wangu. Nimejinusa miaka kumi na miwili. Kumbe ulikuwa unaogopa wimbo tu?"

Fundi Besi akaitikia kwa kichwa.

"Sasa waambie wazee wako," dada akasema, "wanirudishie miaka hiyo."

Akaketi. Na fundi alilia pale mbele, amesimama, mikono chini, bila kujificha uso.